Daraja la Pili

Bwana wa ustawi wa jamii amekuja na fomu,
viatu vimeshika tope jekundu la Kiboriloni.
Amehesabu vitanda: vinane. Vyoo: viwili.
Amefungua jokofu, akanusa, akaandika.
Kisha akanigeukia, sauti akaipandisha
kana kwamba maradhi yangu yako masikioni:
"Mzee, huduma hapa ni nzuri?"

Kijana, miaka kumi na tisa nimeonja kahawa
pale kiwandani, jirani na reli.
Kuvuta, kuzungusha, kutema,
vikombe mia kabla ya adhuhuri.
Mimi siulizwi nzuri au mbaya.
Naulizwa daraja gani, na dosari iko wapi.

Kule Njiro nilikokaa mwanzo kulikuwa na vigae.
Sakafu ilimeta; uliweza kujitazama unavyopungua.
Saa kumi na moja jioni tumeshafungiwa kama kuku,
vidonge vimepondwa ndani ya uji tusijue
(mimi, nisijue! ulimi huu!)
na mlango wangu akiufungua yeyote, saa yoyote,
niwe nimevaa, niwe sijavaa.
Buni moja iliyochacha hunukisha gunia zima.
Kule haikuwa moja.

Hapa bati la jikoni linavuja, andika.
Masika yaliyopita tulitega sufuria tatu,
Kirenga akahesabu matone hadi alfajiri
akatutangazia jumla wakati wa chai.
Nakijwa, mwenye nyumba, hakucheka.
Alikoroga sukari, akamuuliza:
"Na juzi yalikuwa mangapi?"

Mwezi ule ule dawa yangu iliadimika mjini kote.
Nakijwa akavuta stuli, akaketi mbele yangu.
"Mzee Anaeli, vidonge havipo.
Nimezunguka maduka sita. Kesho naenda Arusha.
Leo huenda usiku ukawa mrefu."
Na hili liandike: nililia,
wala si kwa ajili ya vidonge.
Ni zamani sana mtu kuniambia ukweli
mimi nimekaa, na yeye amekaa.

Ulikuwa mrefu.
Zilikuja zile sauti, zikaniamuru niteme,
niteme chakula, niteme mate, niteme hata jina.
Hosiana wa zamu ya usiku (andika, huyu husinzia,
nimemfumania mara nne)
hakuniita kichaa, hakumwita mlinzi.
Alileta blanketi lake, akakaa kizingitini,
akasinzia pale pale,
mguu ameunyoosha uzuie mlango
usije ukajifunga.

Kijana ananitazama. Kalamu imesimama hewani.
Fomu yake ina visanduku; naona havimtoshi,
au mimi ndiye sitoshi humo.
"Kwa hiyo niandikeje, mzee?"
"Daraja la pili."
Anashtuka, anamtazama Nakijwa kwa huruma.
Nakijwa kacheka mpaka kashika fremu ya mlango:
mtori wake nimewahi kuupa la tano.
"Na la kwanza wanalikosea wapi?"
"Bati," nikasema. "Na Hosiana akoroma polepole."

Ameondoka. Nimerudi chumbani, nimevua shati.
Joto la mchana, mbuzi wa jirani analalamika,
Kirenga ukumbini anahesabu kitu kipya.
Vidole vinagonga mbao.
"Hodi."

Ufunguo anao. Unaning'inia shingoni mwake,
nausikia ukigusa vifungo vya gauni.
Kivuli chake kimetulia chini ya mlango.
"Hodi, Mzee Anaeli."

Nanyamaza kidogo.
Si ugonjwa.
Naonja tu:
nauvuta ule ukimya, nauzungusha kinywani,
mtu mwenye ufunguo, anasubiri,

na siutemi.